Nendeni Mkaione Kazi ya Sikukuu: Hotuba kwa Wanafunzi Wanaokwenda Kusoma Asia

Haya ndiyo niliyoyasema katika kikao cha kuwaaga wanafunzi wanaokwenda kusoma katika nchi za Asia. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukumbini nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti wa kikao hiki, walimu wangu, wazazi na walezi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na ninyi wadogo zangu mnaojiandaa kusafiri: Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nawashukuru kwa kuniitikia, na nawashukuru wenyeji wetu kwa kunipa nafasi hii ya kusimama mbele yenu.

Waliotangulia wameeleza habari za viza, bima ya afya na akaunti ya benki, nao wameeleza vizuri, kwa hiyo sitarudia. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya maisha nje ya darasa, na katika maisha hayo nimechagua siku mbili tu: Jumamosi na Jumapili. Nilisoma Japani, katika jiji la Osaka, na mifano yangu yote itatoka huko, ingawa najua kwamba wengine wenu mnakwenda China, India, Korea Kusini na Malaysia.

Wadogo zangu, mtakapofika mtakuta ratiba iliyokwisha kupangwa na watu wengine. Jumatatu hadi Ijumaa hazitakuwa mali yenu. Mwisho wa juma ndio mtakaoachiwa, na hakuna atakayewaambia mwutumie vipi. Wapo watakaolala. Wapo watakaozigeuza siku hizo zote kuwa siku za kibarua, na hao siwalaumu hata kidogo, kwa sababu najua baadhi yenu mna wadogo mnaowasomesha huku nyumbani. Lakini niwaulize: utaishi katika nchi ya watu miaka minne, kisha urudi ukiijua njia moja tu, ile ya kutoka bwenini hadi maabara? Ukiulizwa watu wale wanaishije, wanazikaje, wanasherehekea nini na kwa nini, utajibu nini?

Mimi nilijibiwa maswali hayo katika sikukuu zao. Japani ina sikukuu nyingi mno. Kila mtaa una yake, kila hekalu lina yake, nazo huitwa matsuri. Nilizifuata kwa treni za bei nafuu kila nilipopata nafasi, na jambo ninalotaka mlibebe kutoka ukumbini humu ni hili: msiende kuitazama sikukuu, nendeni mkaione kazi yake. Kazi yake! Nani anaijenga, nani anailipia, nani anamfundisha nani.

Nianze na Kyoto, mji ulio mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Osaka. Kila Julai, kwa mwezi mzima, mji huo hufanya sherehe iitwayo Gion Matsuri, ambayo ni ya hekalu la Yasaka, la Kishinto, yaani dini ya jadi ya Japani. Chanzo chake ni maradhi. Mwaka 869 nchi ilipigwa na maradhi ya mlipuko, watu wakafa kwa wingi, na watawala wakaamuru isimamishwe mikuki mirefu 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi ya wakati ule, ili kuomba maradhi yaondoke. Kutokana na mikuki hiyo yamekua magari makubwa ya sherehe yenye milingoti inayopita paa za nyumba. Magari hayo leo ni 34, na kila moja ni mali ya mtaa wake, si ya serikali wala ya hekalu.

Watu wengi hufika Kyoto asubuhi ya tarehe 17 Julai, siku ya msafara mkubwa wa kwanza, unaoanza saa tatu. Wanasimama juani, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nawaambia nendeni siku saba kabla. Nendeni tarehe 10, mtakapokuta barabara za katikati ya jiji, zenye mabenki na maduka makubwa pande zote, zimejaa marundo ya mbao na kamba. Mtawakuta mafundi wa makundi matatu, wa kiunzi, wa useremala na wa magurudumu, na kila kundi linajua linapoishia na lingine linapoanzia. Kiunzi cha gari hufungwa kwa kamba za majani makavu ya mpunga, bila msumari hata mmoja. Magari makubwa zaidi hufikia kimo cha mita 25 hivi hadi ncha ya mlingoti, na uzito wa tani zinazokaribia 12 yakishapandwa na wapiga muziki. Kwa nini kamba? Kwa sababu kamba hunyumbulika. Gari zito namna hiyo linapoyumba barabarani, kiunzi kilichogongwa misumari kingepasuka; kilichofungwa kwa kamba hupokea mtikisiko, kikarudi mahali pake.

Ndugu zangu wa pwani, mnasikia jambo hilo na mnakumbuka nini? Mimi nilikumbuka mtepe. Wazee wetu waliunda mitepe kwa kuzishona mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, na vyombo hivyo vilibeba mizigo katika pwani yetu hii kwa karne nyingi. Leo uko wapi mtepe? Ulitoweka baharini katika karne iliyopita, na anayetaka kuujua hutafuta picha na maandishi ya makumbusho. Najua mtepe ulikuwa chombo cha biashara na ulishindwa na vyombo vingine, wakati magari ya Gion hayakuwa na mshindani. Ulinganisho wangu una mipaka yake. Hata hivyo nilisimama pale barabarani nikiwatazama mafundi wale, nikasema moyoni kwamba fundo hili lipo hai kwa sababu kila Julai yupo mtu mzima anayelifunga na kijana anayemshikia ncha ya kamba. Halikuhifadhiwa kwenye karatasi. Limehifadhiwa mikononi, na mikono hiyo hukutana kila mwaka kwa tarehe inayojulikana.

Siku ya msafara mtaona tunda la kazi hiyo. Magari haya hayana usukani, na magurudumu yake, ambayo kimo chake ni kama cha mtu mzima, hayapindi. Yanakataje kona? Watu hutandika vipande vya mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu, wakavimwagia maji, kisha wavutaji husogea upande, na kwa ishara ya wenye vipepeo vya mkononi vya kupungia walio mbele ya gari, huvuta kwa pamoja hadi gari lote likateleza na kugeuka. Mara ya kwanza haligeuki lote. Huvuta tena, na tena. Asiyeona mianzi ile ikitandikwa hudhani gari limegeuka lenyewe.

Na tazameni nguo zilizoyapamba. Mitaa hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara, nao walinunua vitambaa vya thamani kutoka kila walikoweza, vikiwemo mazulia ya Uajemi na India, na kazi za kufuma za Ubelgiji za karne ya 16. Gari moja, liitwalo Kanko-hoko, lina pazia la mbele lenye picha ya Rebeka akitoa maji kisimani, habari ile ile ambayo wasomaji wa Biblia mnaijua kutoka kitabu cha Mwanzo. Hebu fikirini: kisa cha mtumishi wa Ibrahimu, kilichofumwa Ulaya, kinatembezwa katika sherehe ya Kishinto ya kufukuza maradhi, na watu wa mtaa wanakitunza kama mboni ya jicho.

Nisiwafiche jambo. Mimi ni mwanamke, na baadhi ya magari hayo hayaruhusu wanawake kupanda. Naginata-hoko, linaloongoza msafara kila mwaka, ni mojawapo, mengine huruhusu. Niliuliza, nikajibiwa wazi kwamba ndivyo desturi ya mtaa ule ilivyo, na kwamba wenyewe hawana kauli moja juu yake. Sikukubaliana na desturi hiyo na sikubaliani nayo leo, lakini nilishukuru kujibiwa kwa ukweli. Kazi niliyopewa katika mtaa mwingine ilikuwa ya kupanga chimaki, vifungu vya majani ya mianzi ambavyo watu hununua na kuvitundika mlangoni kujikinga na maradhi, na ni kwa kukaa kwenye kazi hiyo, mikono ikiwa na shughuli, ndipo wenyeji walipoanza kuzungumza nami. Mtu anayepita na kamera haulizwi kitu. Anayepanga chimaki huulizwa ametoka wapi, ana ndugu wangapi, na kwao kuna sikukuu gani.

Swali hilo la mwisho, wadogo zangu, mtaulizwa kila mahali. Na kwenu je? Mimi ni mzaliwa wa Kusini Unguja, kwa hiyo nilikuwa na jibu. Nilimweleza mzee mmoja wa mtaa ule habari za Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofanyika Julai pia: namna wanaume wanavyopigana kwa mashina ya migomba ili mwaka mpya uingie vinyongo vimeisha, namna wanawake wanavyopita wakiimba, kibanda cha makuti kinavyochomwa moto na aliyemo ndani anavyotoka mbio, na namna ilivyo lazima kila nyumba iwe na mgeni wa kula naye siku hiyo. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza maswali ambayo sikuyatarajia: makuti ya kibanda hukatwa na nani, na vijana wanaohamia mjini hurudi? Aliuliza kama mtu wa kazi anayemwuliza mwenzake. Kwa hiyo nawaomba, ninyi ambao bado mna miezi kadhaa kabla ya safari, nendeni mkaone sikukuu za kwenu. Nendeni Makunduchi, nendeni katika maulidi, nendeni katika ngoma za jando na unyago za kwenu kwa kadiri desturi inavyowaruhusu, na muulize maswali yale yale ya mzee wa Kyoto.

Sasa niingie katika jambo la pili, ambalo ni la kurithishana. Katika mtaa mmoja wa Kyoto lipo gari liitwalo Taka-yama. Mwaka 1826 liliharibiwa na dhoruba likaacha kutoka, na mwaka 1864 moto mkubwa ulioteketeza sehemu kubwa ya mji uliliunguza. Zilizonusurika ni sanamu zake. Mtaa ule ulifanya nini? Kila mwaka, kwa vizazi na vizazi, waliendelea kuzitoa sanamu zile na kuzionyesha Julai, na gari lao, ambalo halikuwepo, liliendelea kuhesabiwa miongoni mwa magari yanayopumzika. Halikufutwa. Katika miaka ya hivi karibuni wakazi walianza upya kujifunza muziki wake, wakachanga, wakajenga, na mwaka 2022 Taka-yama likarudi katika msafara baada ya miaka 196. Miaka 196! Hakuna hata mmoja kati ya waliolivuta siku ile ambaye babu yake aliwahi kuliona likitembea. Ni mwaka ule ule msafara uliporejea baada ya kusitishwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya Korona, na kwa sherehe iliyozaliwa ili kuomba nchi ipone maradhi, jambo hilo liliwagusa watu sana.

Mfano mwingine uko Ise, mji mdogo wenye hekalu linaloheshimiwa kuliko yote ya Kishinto. Ukitoka Osaka asubuhi ya Jumamosi unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukifika utashangaa, kwa sababu hekalu lenye historia ya zaidi ya miaka 1,300 linaonekana jipya. Hilo ni kwa makusudi. Tangu mwaka 690 utaratibu wao ni kulijenga upya kila baada ya miaka 20, kwa umbo lile lile, kwenye kiwanja kilicho pembeni ya lile lililopo. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, nayo ilikuwa ya 62. Ijayo ni mwaka 2033. Nilipokwenda, kilichonivuta zaidi kilikuwa kile kiwanja cha pili, kitupu, kilichotandazwa kokoto, kikisubiri zamu yake. Mbao za jengo la zamani hazitupwi. Nguzo kuu hugeuzwa kuwa malango kwenye daraja la kuingilia, na baadaye hupelekwa kwenye mahekalu mengine nchini.

Kwa nini miaka 20? Sababu zinazotolewa ni nyingi, na zipo za kidini ambazo sina mamlaka ya kuzifafanua. Lakini ile wanayoitaja mafundi inatosha kwa leo: katika miaka 20, aliyekuwa kijana wa kubeba mbao anarudi akiwa fundi, na aliyekuwa fundi anarudi akiwa msimamizi. Vizazi vitatu hukutana kwenye kazi moja. Na hata utaratibu huo uliwahi kukatika. Wakati wa vita vya ndani vya karne ya 15 na ya 16, ujenzi ulisimama kwa zaidi ya miaka 120. Walipopata amani waliuanza upya. Ninyi mnaokwenda kusoma uhandisi na usanifu wa majengo, ninyi hasa, nendeni Ise. Hapa nyumbani tunajadili mara kwa mara namna ya kuyahifadhi majengo ya Mji Mkongwe, na mjadala huwa ni juu ya chokaa, boriti na fedha. Ise itawafundisha kuuliza swali linalotangulia hayo: fundi atatoka wapi, na atajifunza akiwa na umri gani?

Kama mnataka kuona umri ukipangwa kwa macho yenu, nendeni Kishiwada, mji ulio kusini mwa Osaka, mwezi Septemba. Sikukuu yao, ambayo chanzo chake ni mwaka 1703, hufanyika siku za mwisho wa juma, kwa hiyo hamtakosa kipindi chochote cha masomo. Kila mtaa una gari lake la mbao lililochongwa michoro ya vita na visa vya kale, lenye uzito wa zaidi ya tani nne, na mamia ya watu hulivuta kwa mbio. Wanakata kona kwa mbio! Juu ya paa husimama mtu mwenye vipepeo vya mkononi akiruka upande mmoja hadi mwingine kuwaonyesha njia walio nyuma. Ni hatari ya kweli. Watu wameumia na wengine wamekufa, na nawaomba msimame pale tu mnapoelekezwa na walinzi. Lakini angalieni kamba. Mbele kabisa wapo watoto, nyuma yao vijana wa sekondari, kisha vijana wenye nguvu, na kwenye gari lenyewe watu wazima wanaoshika breki na nyenzo za kugeuzia. Kila rika lina mahali pake, na mtu husogea kadiri miaka inavyosonga. Usiku huwashwa taa za karatasi, mwendo hupungua, na watoto wadogo kabisa hupewa nafasi ya kuvuta pamoja na mama zao. Nani kati yetu, tuliotoka katika jamii zenye marika, hataelewa anachokiona pale?

Ndugu wazazi, najua lipo swali ambalo baadhi yenu mnalo na hamjaliuliza. Mtoto wangu ni Mwislamu, au ni Mkristo, na huyu dada anamtuma kwenye mahekalu. Swali hilo ni la haki, na mimi mwenyewe nilikwenda nalo. Jibu langu ni kwamba mgeni anaweza kuhudhuria bila kuabudu, mradi ajue mpaka wake na aheshimu wa wenyeji. Sikuinama kwenye madhabahu, sikupiga makofi ya ibada, na hakuna hata mara moja niliyolazimishwa. Nilisimama nyuma, nikavua viatu palipotakiwa, nikanyamaza palipotakiwa. Na kwa ibada yangu nilikwenda Kobe, kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa nchini Japani, ambao ulinusurika mabomu ya mwaka 1945 na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Jumamosi za Ramadhani nilifuturu huko pamoja na Waindonesia, Wapakistani, Waturuki na Wajapani waliosilimu. Mwanafunzi mwenye mahali pa kusimama hapotei kwa kutazama anaposimama mwenzake.

Nitawapa kisa cha Nara ili mwelewe ninachosema. Katika hekalu la Kibudha la Todai-ji, penye sanamu kubwa ya Budha, kuna ibada inayofanyika tarehe 1 hadi 14 Machi kila mwaka. Ilianza mwaka 752 na haijawahi kukosa hata mwaka mmoja: si kwa vita, si kwa Korona, wala mwaka 1667 ambapo ukumbi wenyewe uliungua wakati ibada ikiendelea. Watawa 11 huomba toba kwa niaba ya watu wote. Kila usiku mienge mikubwa ya mianzi hupandishwa ngazi na kupitishwa mbio kwenye baraza ya juu, cheche zikiwamwagikia waliosimama chini, na umati hushangilia, kwa kuwa cheche hizo huaminiwa kuleta afya njema. Mienge ikizimwa, umati huondoka. Msiondoke. Sehemu kubwa ya ibada huanza hapo, ndani, kwa sauti tu. Wanawake hawaingii kwenye ukumbi wa ndani, ila wanaruhusiwa kukaa katika vyumba vya pembeni na kusikiliza.

Katika usiku maalumu husomwa daftari la majina ya marehemu waliolihudumia hekalu hilo tangu kuanzishwa kwake, kuanzia mfalme aliyelijenga. Inasimuliwa kwamba zamani, karne nyingi zilizopita, mtawa alikuwa akisoma majina hayo, akatokewa na mwanamke aliyevaa vazi la buluu, akamwuliza kwa uchungu: mbona jina langu umeliruka? Mtawa hakumjua. Akasoma kwa sauti ya chini, mwanamke wa vazi la buluu, na yule mwanamke akatoweka. Tangu hapo, kila mwaka, jina hilo lisilo jina husomwa mahali pake kwenye orodha, kwa sauti ya chini.

Niliposimuliwa kisa hicho nililia, na nitawaeleza kwa nini. Kwetu, mtu akifa tunasoma hitima, tunawataja marehemu wetu mmoja mmoja, na bibi zetu huwa na hofu kwamba asije akasahaulika mtu. Imani ile si imani yangu. Hofu ile naijua tangu utotoni. Na Agosti, watu wa Japani wanaporudi makwao kwa siku za kuwakumbuka wazee wao, treni zikajaa na miji mikubwa ikapungua watu, mtaona jambo hilo hilo: usiku wa tarehe 16, saa mbili, mioto mitano huwashwa kwenye milima inayouzunguka mji wa Kyoto ili kuwaaga marehemu warudi walikotoka. Familia hutazama kimya kutoka kando ya mto. Huo si wakati wa kupaza sauti wala wa kupiga picha za kujionyesha. Ukiwa pale, wewe ni mtu aliyekaribishwa matangani, na adabu ya matanga mnaijua.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Nauli ya Japani ni kubwa, na treni za mwendokasi hazikutengenezwa kwa mfuko wa mwanafunzi. Ipo tiketi ya Seishun 18, inayouzwa nyakati za likizo za shule, inayokuruhusu kupanda treni za kawaida za JR, kampuni kuu za reli za Japani, nchi nzima. Jina lake linataja umri wa miaka 18, lakini mtu wa umri wowote huitumia. Zamani ulichagua siku zozote tano. Tangu majira ya baridi ya 2024 siku zake ni lazima zifuatane, kwa hiyo panga safari yako vizuri. Wenye viza ya mwanafunzi, mkipata kibali, mnaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 28 kwa juma wakati wa masomo. Msizidishe hata saa moja, kwa sababu kosa hilo linaweza kuwanyima viza. Na mtakaofanya utafiti, mwambieni profesa wenu mapema, kwa maandishi, siku mtakazokosekana. Sikukuu kubwa nyingine hazingoji mwisho wa juma: tarehe 17 Julai ni tarehe 17 Julai, iwe Jumapili au Jumatano.

Ninyi mnaokwenda kwingine mtayapata ya huko. Waendao China, nunueni tiketi mapema kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, kwa kuwa nchi nzima husafiri. Waendao Korea Kusini, siku za Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, maduka mengi hufungwa, na hapo ndipo mwaliko wa kwenda nyumbani kwa mwenzako unapokuwa na thamani kubwa, ukiupata, usiukatae. Waendao Malaysia, nendeni Batu Caves wakati wa Thaipusam mkawaone mahujaji wa Kihindu wakipanda ngazi 272, na mwulize, kama ilivyo Kyoto, ni nani anayewapikia maelfu yale ya watu.

Jambo la mwisho ni namna ya kuanza, kwa sababu wengi hukwama hapo. Mkifika, katika mwezi wa kwanza, nendeni kwenye ofisi ya manispaa au ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwenu, mkaulize kama kuna mtaa unaohitaji watu wa kuvuta, kubeba au kufagia. Mitaa mingi ya Japani ina wazee wengi na vijana wachache, na mikono inatafutwa. Wanaokwenda Osaka wana bahati ya ziada: chuo kikuu cha huko hufundisha Kiswahili kama somo la shahada, na mtawakuta vijana wa Kijapani wanaosema lugha yetu na wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye. Jitambulisheni kwao. Mwenzangu mmoja wa huko ndiye aliyenipeleka Kishiwada mara ya kwanza, kwa kuwa ni kwao, na mwaka uliofuata nilimpeleka Makunduchi, akala kwetu siku ya Mwaka Kogwa.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha na kwamba maswali yanaruhusiwa. Ningependa kuanza na wazazi waliokaa upande ule wa nyuma. Karibuni.